Mtoto mbishi balaa, fimbo imegoma, nyie mnafanyaje?

MamaDoi_Njombe: Wazazi wenzangu habarini. Binti yangu ana miaka 4, ukisema vaa viatu anavua na soksi, ukisema oga anang'ang'ania mlango, nimechapa nimefoka wapi, ananikodolea macho tu halafu anaanza upya. Juzi bajaji imetuacha kisa hataki sweta. Nipeni mbinu hata za ajabu ajabu.

BabaJunia: Pole dada. Usimwamrishe, mpe viwili achague, "unaogea ndoo nyekundu au ya bluu?" Kuoga hakujadiliwi, kinachojadiliwa ni ndoo. Wa kwangu akipata kauamuzi kadogo kama hako anajiona bosi, ugomvi kwisha. Ila usimpe vitano, atakukalisha hapo hadi saa sita.

shangazi_mkubwa: Sweta hataki? Mwache atoke bila, wewe liweke kwenye begi na ukae kimya. Mi nilifanya hivyo Julai na baridi letu hili, hatujafika hata kwa jirani kaliomba mwenyewe. Mambo ya moto na barabara lakini hapana aisee, hapo unamshika mkono akilia alie.

kijana_wa_zamani: Bibi yangu alikuwa anatugeuzia kibao, "leo msiguse ufagio wangu, huo wa wakubwa", dakika 5 uwanja unang'aa 😂

MamaDoi_Njombe: Hahaa jamani nimejaribu ya ndoo jioni hii, kachagua ya bluu kaingia mwenyewe bila kelele. Sasa hataki kutoka.