Mtoto wa chini ya miaka 3 kwenye basi toka Lubumbashi mpaka Dar: akatazwe ao aruhusiwe?

Mama wa Kenya (kwa wanaosoma kutoka mbali: Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi, Kongo, kama Kamalondo, Katuba na Ruashi; si ile nchi)

Vakansi kubwa imefika, na familia zinapanga mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, kisha Dar, watoto waone bahari. Hoja yangu ni hii: kampuni za basi zikatazwe kupakia mtoto wa chini ya miaka 3 kwa safari ya moja kwa moja. Ni zaidi ya kilomita 1,900 na mipaka miwili. Mtoto hana tiketi, kwa hiyo hana kiti. Anapakatwa siku mbili, pengine tatu. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, hakuna mkono wa mama unaozuia kilo 12 zisirushwe mbele. Na kumfunga pamoja nawe katika mkanda mmoja ni kubaya zaidi, maana mwili wako ndio utakaomponda.

Baba wa Kamalondo

Ukikataza, watu watadanganya umri, ao watapanda taksi za kuunganisha ambazo hazina hata huo mkanda. Tatizo ni kwenda bila kulala. Kata njia: siku ya kwanza Ndola, ya pili Mpika, ya tatu Mbeya, ya nne Iringa, ya tano Dar. Mpika mpaka Mbeya ndiyo siku ya kuamka mapema, maana katikati kuna mpaka wa Nakonde na Tunduma, na ukivuka saa inasogea mbele moja. Tena huko tiketi ikisema saa 2, uliza: ni ya Kiswahili, yaani asubuhi, ao ni saa nane za usiku? Watu wanaachwa na basi kwa hilo tu.

Sweta za mtoto zikae juu ya mzigo. Mwezi wa saba Mbeya ina baridi kupita hapa kwetu. Baada ya Iringa kuna mteremko wa Kitonga: lori moja likiharibika pale kwenye kona, wote mnasimama. Siku hiyo beba maji na chakula cha mtoto cha kutosha muda wa saa sita zaidi ya ulivyohesabu.

Muuguzi wa Katuba

Mama wa Kenya, mpaka wa miaka 3 umeutoa wapi? Mtoto wa miezi 8 anayenyonya anasafiri vizuri kuliko wa mwaka na nusu: chakula chake hakichachi, hakina chupa ya kuosha kwa maji ya stendi. Anayeteseka ni yule aliyeanza kutembea na kuokota kila kitu.

Umri ninaoujali ni miezi 9, juu ya chanjo ya homa ya manjano. Haitolewi kwa kawaida kabla ya hapo, na cheti kinahesabika siku 10 baada ya sindano. Hapo ndipo wengi wanakwama: mtoto amechanjwa kweli, imeandikwa kwenye fishi (kadi) ya kliniki, lakini mpakani wanataka kile kitabu cha manjano cha kimataifa. Kifuateni mapema. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto, abebe pia ruhusa ya mwenzake iliyotiwa muhuri.

Kwenye mfuko: pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha) na chupa ya lita moja kamili. Pakiti moja, lita moja ya maji safi. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na unamuumiza mtoto; ukiongeza, haisaidii. Wa chini ya miaka 2 anapewa mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Homa yoyote ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo, msisingizie meno.

Mjomba wa Ruashi

Ninyi wote mnapeleka pesa nje. Kongo ina bahari yake, Muanda!

Baba wa Kamalondo

Mjomba, toka Lubumbashi ni ndege mpaka Kinshasa, halafu barabara ya Matadi na Boma. Na mwezi wa saba Muanda ni mawingu na maji baridi. Upendo wa nchi sawa, lakini mtoto ataoga wapi?

Shangazi wa Kigamboni

Niwaongezee ya huku Dar. Msije na mifuko ya plastiki: Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, na nepi chafu mnazofungia humo zitawaletea maneno. Chukueni mfuko wa kitambaa wenye bitana isiyopitisha maji.

Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, joto si kali, lakini bahari inachafuka. Boti ya Unguja ni kama saa mbili za kutapika kwa asiyezoea. Kaeni chini, nyuma, na mtoto asishibishwe kabla. Kuoga baharini, ulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanakwenda mbali, halafu yanarudi kwa nguvu. Kwa mtoto chagueni siku za maji mafu, katikati ya hizo mbili. Nusu saa inatosha, mtu mzima awe umbali wa mkono, kisha ndoo ya maji yasiyo ya bahari kutoa chumvi, hasa kwenye mikunjo ya mapaja. Akitoka harara shingoni, msimpake mafuta mazito, yanaziba. Maji na nguo nyepesi tu.

Mama wa Kenya

Muuguzi, umri nauondoa. Naubadilisha hivi: kila mtoto awe na kiti chake na mkanda, na basi lilale usiku.

Baba wa Kamalondo

Kulala, nakubali. Kiti kamili kwa bei ya mtu mzima, hapana. Nusu bei kwanza, ndipo tuongee.