Mzee kapata kiharusi, shangazi anataka anywe magadi "kukata asidi ya ubongo". Naomba ushauri

Kijana wa Mkwajuni: Wakuu, wakubwa shikamooni. Baba ana miaka 64 na ana sukari. Juzi alfajiri mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Amelazwa. Daktari alitueleza kuwa damu imeziba, asidi imejaa kwenye ubongo na inaua seli. Shangazi aliposikia asidi, sasa kila akija anabeba chupa ya maji ya magadi, eti yanakata kama kiungulia. Namheshimu, ila naogopa.

Dada Wodini: Pole sana mdogo wangu. Chupa hiyo isifike mdomoni mwa mzee! Kiharusi mara nyingi hulegeza na koo, kijiko kimoja tu kinaweza kuingia mapafuni kikaleta nimonia. Hata maji matupu asipewe mpaka apimwe kumeza. Ukiona anakohoa akimeza mate, au sauti imekuwa ya majimaji, mwite muuguzi hapo hapo.

Mzee wa Maabara: Asidi hiyo siyo ya tumboni. Seli za ubongo zikikosa oksijeni huendelea kuvunja sukari bila oksijeni, asidi laktiki inarundikana. pH (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ya kawaida ya ubongo ni kama 7.3, pale palipoziba inaweza kushuka hadi 6.5, na sukari ya damu ikiwa juu, hushuka zaidi. Kwenye utando wa nyuroni, yaani seli za ubongo zinazopeleka taarifa, kuna vilango vinavyohisi asidi, ASIC1a. Vikifunguka, kalsiamu inaingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyoibomoa seli kwa ndani. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya wasio na vilango hivyo ubongo wao hauumii sana kama wa panya wengine. Mwaka 2017 wenzao wa Australia wakapunguza madhara kwa panya kwa kutumia Hi1a, kitu kilichotoka kwenye sumu ya buibui, hata saa 8 baada ya kiharusi. Kwa binadamu bado haijawa tiba ya wodini. Magadi hayafiki huko kuvifunga vilango. Yatamwongezea sodiamu tu, na sodiamu hupandisha presha.

Kijana wa Mkwajuni: Asanteni sana. Shangazi sasa namwambiaje? Ndiye dada mkubwa wa baba.

Dada Wodini: Usimkatalie mbele ya watu. Mchukue pembeni umwambie asidi hiyo inazidi sukari ikipanda, kwa hiyo unamwomba yeye ndiye awe anawauliza manesi kila wakipima: ya mzee imesoma ngapi? Na chai ya sukari ya wageni isisogee kitandani.