Seti kubwa ya chapa ya duka au vifaa vichache vya chapa ya mafundi? Naomba ushauri

Mkono_Mweusi
Wakuu, habari za muda huu. Najifunza kufanya sevisi ya gari langu mwenyewe. Oili, plagi na pedi za breki nimeshazizoea, sasa nataka kushuka chini kwenye shokapu. Vifaa vyote ninavyotumia ni vya kuazima, na mwenye navyo ameshaanza kuninunia.

Hela yangu inatosha kitu kimoja kati ya viwili. Kuna seti ya vipande zaidi ya 200, chapa ya duka lenyewe, imegongwa Cr-V na kuandikwa "dhamana ya maisha". Halafu kuna seti ndogo tu, soketi na racheti (mpini wa kuzizungushia), ya chapa ambayo mafundi wanaiapia. Nikiviangalia vyote vinang'aa sawasawa. Tofauti ipo kwenye chuma au tunalipia jina? Na hayo maisha ya dhamana ni maisha ya nani? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaPistoni
Kijana, kabla ya yote soma orodha iliyo nyuma ya kasha. Hivyo 200 vinahesabu kila kichwa kidogo cha bisibisi, kila ufunguo wa L, pengine hadi kishikio cha plastiki. Ukitoa hizo takataka utabaki na soketi, spana na racheti kama seti nyingine yoyote. Angalia pia saizi zilizorukwa. Gari la Kijapani litakudai za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, la Kijerumani litakuja na 13, 16 na 18 yake. Nimeona seti kubwa za kutisha ambazo hazina 16 wala 18.

Cr-V isikubabaishe. Ni aina ya chuma tu, chenye kromu na vanadiamu, na karibu kila mtu anaigonga kwenye vifaa vyake. Ubora unatokana na jinsi chuma kilivyochomwa na kupozwa. Kikiwa kigumu kupita kiasi kinapasuka, kikiwa laini soketi inatanuka mdomo na kuviringa nati, yaani kuimaliza kona. Hilo halionekani kwa macho, ila mengine yanaonekana: chungulia ndani ya soketi uone kama unene wa ukuta ni sawa pande zote, ivalishe kwenye racheti uitikise. Ikicheza sana, irudishe kwenye kasha.

Na chukua soketi za pembe 6, achana na za pembe 12 kwa kuanzia. Kwenye nati yenye kutu ya pembe 12 inashika karibu na kona, ndipo inapoteleza.

Nati_Kaidi
Nakazia kwa Mzee. Duka halina tanuri. Linaagiza kiwandani na kugongesha jina lake. Chukua maduka ya Marekani: chapa ya Kobalt ni ya Lowe's, Husky ni ya Home Depot, Pittsburgh ni ya Harbor Freight. Kesho duka likipata kiwanda cha bei nafuu zaidi, jina linabaki na kifaa kinabadilika. Ndiyo maana mmoja atakwambia chapa fulani ni chuma cha reli na mwingine atakwambia ni bati, na wote wawili hawadanganyi. Wameshika vya miaka tofauti.

Mfano mzuri ni Craftsman. Ilianza mwaka 1927 ikiwa ya duka la Sears, ikajengewa sifa na ile dhamana yake ya kubadilishiwa kifaa kilichovunjika, na mwaka 2017 ikanunuliwa na kampuni ya Stanley Black & Decker. Sasa mtu akikuambia "Craftsman ni nzuri", muulize ipi.

Kuhusu dhamana, maisha yanayohesabika ni ya duka. Uliza wanakubadilishia hapo hapo kaunta au unatuma kifaa mbali na kusubiri, na kama wanadai risiti. Kifaa kikikatika gari likiwa juu ya jeki, dhamana ya kutuma kwa posta haikusaidii kitu.

Dada_Grisi
Mimi hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nitawashangaza: soketi zangu nyingi ni za chapa ya duka na sina shida nazo. Soketi ni kipande kimoja, haina kinachosogea ndani. Mahali pa kutoa hela ni pengine.

Kwanza racheti. Yenye meno 36 inataka uzungushe mpini nyuzi 10 ndipo ishike jino linalofuata, yenye 72 inataka nyuzi 5. Ukiwa umebana mkono nyuma ya injini utajua hizo nyuzi 5 zina thamani gani. Ukiwa dukani, geuza kile kichwa cha mraba kinyume kwa vidole. Kikiwa kizito, nati ikishalegea itakuwa inakwenda na kurudi na racheti bila kufunguka.

Pili, spana ya nati za paipu za breki, ile ya ringi iliyokatwa mdomo. Nati zile ni laini, ya bei chee inajitanua na nati inaviringa, na hapo unatafuta paipu mpya. Tatu, bisibisi nyota. Za kwenye seti huliwa ncha mapema na kuharibu skrubu za watu.

Hata mimi sitaki seti ya 200. Nunua seti ndogo ya duka, kinachobaki kiende kwenye hivyo vitatu.

MzeeWaPistoni
Dada, kwenye racheti sikubaliani nawe. Meno mengi maana yake ni membamba, na mwanafunzi lazima ataivalisha bomba aikanyage. Aanze na ya meno machache iliyo nene.

Dada_Grisi
Mzee wangu, ya kuvalisha bomba siyo racheti. Anunue mpini mrefu usio na racheti, wenye kichwa cha nusu inchi, kazi ya kulegeza nati sugu ni yake. Hata wa chapa ya duka unatosha, ni nondo tu yenye kichwa.

Spea_Mkononi
Mnabishana meno wakati soketi ya 10 ishapotea, maana hiyo ndiyo hupotea kila siku. Nunua tatu kabisa.

Mkono_Mweusi
Shukrani sana wakuu, seti ya 200 nimeiacha. Swali la mwisho: jirani ana mashine ya umeme ya kufungulia nati. Naweza kuitumia na soketi hizi za kung'aa kwenye shokapu?

Dada_Grisi
Hapana kabisa. Za kung'aa zinaweza kupasuka na vipande vikakurukia usoni. Tafuta zile nyeusi zenye ukuta mnene, za kazi ya mashine, nyingi huwa za kromu na molibdenamu. Za duka zinafaa. Huhitaji seti nzima, nunua 17, 19 na 21 ndefu, na uvae miwani. Ile nati ya juu katikati ya shokapu yenye springi usiiguse mpaka springi iwe imebanwa na kifaa chake, na kifaa hicho usinunue cha bei rahisi.