Uvimbe wa chini ya macho asubuhi: rola na vijiko baridi vinatumiwaje sawasawa?

Kidani:
Wadau wa urembo, habari za asubuhi. Naomba darasa kuhusu uvimbe wa chini ya macho. Wangu ni ule wa kuamka nao: saa 12 asubuhi mifuko imejaa, ikifika saa 4 imenywea yenyewe. Tatizo ni kwamba saa 2 natakiwa niwe nimeshakaa mapokezi natazamana na wateja.

Nina rola ya jiwe la jade ya kupitisha usoni, yenye vichwa viwili, jiwe bapa la kukandia uso liitwalo gua sha, na vijiko vya stenlisi vya jikoni. Rola naiweka friza au friji? Napitisha kutoka wapi kwenda wapi, na kwa nguvu gani? Nipake nini kwanza, ukizingatia nina kope za kubandika? Na umeme ukikatika, ambalo huku kwetu si habari, nifanyeje? Mtandaoni naona pia wanauza vile vitufe vya kioo vyenye maji ya bluu ndani, bei imechangamka kwelikweli. Vina la ziada?

Shani_wa_Saluni:
Dada Kidani, hilo la kunywea wenyewe kufika saa 4 limeshajibu nusu ya swali. Hayo ni maji. Ukilala, maji ya mwilini yanajisambaza hadi usoni, na ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba sana, kama nusu milimita, kwa hiyo hata yakiwa kidogo yanaonekana. Ukisimama yanashuka. Unachotaka wewe ni kuyaharakisha tu, na hapo kuna kazi mbili: ubaridi unabana mishipa midogo ya damu ili isiendelee kuvujisha, na mkono unayasukuma yaliyokwisha kukusanyika yaelekee kwenye tezi za limfu. Wengi wanafanya ya kwanza, ya pili wanaiacha, halafu wanailaumu rola.

Rola ni ya friji. Friji ya kawaida huwa na nyuzi 4 hivi, na dakika 20 humo zinatosha. Friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri: jiwe au chuma cha baridi hiyo kikigusa ngozi yenye unyevu kinanata, na ngozi inaungua kabla hujashtuka kwa sababu baridi yenyewe inatia ganzi. Kwa ngozi nyeusi, kuungua kidogo tu kunaweza kuacha doa la miezi.

Sasa mpangilio. Keti wima, usilale. Nawa mikono, na kama unavaa lenzi za macho zitoe. Anza shingoni kwa mikono mitupu: weka vidole kwenye vishimo vilivyo juu ya mitulinga, vuta ngozi taratibu kuelekea chini kisha iachie, mara 10. Halafu telezesha kiganja kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga, mara 5 kila upande. Huku ndiko yanakoelekea maji ya usoni, kwa hiyo njia inafunguliwa kuanzia chini.

Baada ya hapo chukua rola, upande wa kichwa kidogo. Papasa kwa kidole utafute ukingo wa mfupa chini ya jicho. Njia yako ni juu ya huo mfupa, kama upana wa kidole kimoja chini ya mstari wa kope, si kwenye mboni na si kwenye kigubiko cha jicho. Kidole cha mkono wa pili kishikilie ngozi karibu na pua ili isivutike. Anzia pembe ya ndani, pitisha polepole hadi kwenye panja, teremka mbele ya sikio, malizia shingoni. Mpito mmoja uchukue sekunde 4 hivi. Ukifika mwisho INUA rola, rudi mwanzo. Kuipeleka mbele na nyuma kama unasukuma chapati ni kuyarudisha maji ulikoyatoa. Mara 6 hadi 8 kila jicho zinatosha.

Ile sehemu iliyo karibu kabisa na pua maji yake hayapitii sikioni, yanashuka shavuni hadi kwenye tezi za chini ya taya. Kwa hiyo ongeza mipito miwili mitatu kutoka pembeni mwa pua ukishuka hadi kwenye taya. Hapo ndipo wengi hubakiwa na kijifuko upande wa ndani wakashangaa.

Nguvu: ngozi isogee, isibonyee. Mishipa ya limfu, ile inayobeba hayo maji, iko juujuu, ukikandamiza unaifunga. Na msuguano wa kila siku kwenye ngozi nyeusi unaleta weusi chini ya macho, yaani unatibu uvimbe unapata madoa. Kwetu sisi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia kipimo hiki: ukimaliza na bado unahisi joto au mwasho pale ulipopitisha, umezidisha. Zoezi zima halipaswi kuvuka dakika 6.

Kwa kope za kubandika achana na mafuta. Yanalegeza gundi, na yanapanda jichoni unaona ukungu. Tumia jeli ya mshubiri, kiasi cha punje ya harage kwa macho yote mawili. Kama ni jani bichi, likate ulisimamishe kwenye glasi dakika 15 ute wa njano umwagike wote, maana huo unawasha. Jeli ikikauka njiani na rola ikaanza kukwaruza, lowesha kidole kwa maji upake juu yake. Usiongeze nguvu.

ChumaNaJiwe:
Maelezo ya Shani yako sawa. Mimi naongezea upande wa vifaa, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea.

Baridi haidumu kwenye kifaa chepesi. Kijiko cha chai cha stenlisi kina gramu 25 hivi, na gramu moja ya maji inabeba baridi karibu mara 8 ya gramu moja ya stenlisi. Kikigusa uso wenye nyuzi 33 au 34, dakika haiishi kimeshakuwa vuguvugu. Ukiendelea nacho unasugua tu. Dawa yake ni vijiko vinne: viwili usoni, viwili kwenye glasi ya maji yenye vipande vya barafu, unabadilishana kila baada ya nusu dakika. Futa kijiko kikauke kabla hakijagusa uso. Tumia mgongo wa kijiko, na chagua kisicho na nakshi wala ukingo mkali.

Hiyo glasi ndiyo friji yako ya uhakika. Maji yenye barafu inayoelea hubaki kwenye nyuzi 0 hivi, hayashuki chini ya hapo, kwa hiyo hata ukisahau vijiko humo nusu saa haviwezi kukuunguza kama vya friza. Sharti moja: usitie chumvi. Maji ya chumvi yenye barafu yanashuka chini ya sifuri, na unarudi kwenye tatizo lile lile.

Umeme: jioni nunua barafu ya mfuko, ivunje, jaza kwenye chupa ya chai iliyo nzima, mimina maji kidogo, funga. Chupa nzuri inaifikisha asubuhi barafu ikiwa bado ipo. Barafu hiyo inaweza kuwa ya maji yasiyochemshwa, kwa hiyo kijiko kikitoka humo kisuuze kwa maji safi ya kunywa ndipo ukifute. Huna barafu kabisa, tumia maji ya mtungi. Mtungi hupoza kwa maji kutoka jasho kwenye udongo, hivyo sehemu kavu kama Dodoma unapata tofauti ya maana, lakini Pwani, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupati kitu kikubwa. Lowesha kitambaa cha pamba, kamua, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5, kigeuze, dakika 5 nyingine. Kitambaa cha maji kinakaa na ubaridi kuliko kijiko. Kinachokosekana ni ule mpito wa kusukuma, utaufanya kwa kidole cha pete.

Vitufe vya kioo: la ziada lipo, ni dogo. Kioevu cha ndani kinabeba baridi zaidi, kwa hiyo unamaliza macho yote mawili bila kubadilishana. Ubaya ni kioo. Kikitoka friza kikaingia kwenye maji ya moto kinaweza kupasuka, na hicho ni kitu unachokisogeza jichoni. Ukinunua, kaa na friji tu. Kila mara kiinue kwenye mwanga: ukiona ufa, au kiputo cha hewa kinaongezeka ukubwa kadiri siku zinavyokwenda, kinavuja, tupa. Mimi pesa hiyo ningenunua vijiko na mto wa pili wa kuinulia kichwa usiku.

Kidani:
Asanteni sana, nimeelewa kwa nini kijiko kimoja kilikuwa hakinisaidii. Gua sha basi niiache? Na vipi pakiti za chai na krimu za kafeini, zinasifiwa mno.

Shani_wa_Saluni:
Gua sha usiitupe, itumie mashavuni na kwenye taya. Chini ya jicho ukingo wake ni mwembamba na mkono unashawishika kukwangua. Ukilazimika, ilaze karibu bapa kabisa kwenye ngozi na utumie upande uliojipinda kwa ndani.

Pakiti za chai ni sawa: mbili za chai nyeusi, loweka maji ya moto dakika 3, kamua, ziache kwenye friji hadi zipoe kabisa, weka dakika 10. Zikamuliwe vizuri, vinginevyo zinachuruzika na kuacha rangi. Kafeini inabana mishipa, ni kweli, ila kwenye jeli na pakiti hizi kinachofanya kazi kubwa ni ubaridi. Krimu ya bei mbaya ukiipaka ikiwa ya moto kutoka kwenye pochi, usitegemee mengi.

Nesi_Kliniki_ya_Macho:
Naomba niingilie, kwa sababu wengine watasoma hapa na uvimbe wao si kama wa Kidani.

Simama mbele ya kioo, kichwa kikiwa wima, inua macho tu utazame dari. Mfuko ukijitokeza zaidi, na saa 10 jioni uko vile vile ulivyokuwa asubuhi, hayo ni mafuta yanayozunguka jicho yamesogea mbele baada ya utando unaoyashikilia kulegea. Umri na urithi vinachangia. Hapo hakuna rola wala barafu itakayoyarudisha. Kinachoyaondoa ni upasuaji. Ukiona ni bonde jeusi na si tuta, hicho ni kivuli, si uvimbe. Na wengi wenye miaka zaidi ya 40 wana mchanganyiko, kwa hiyo ubaridi utapunguza sehemu ya maji na kuacha iliyobaki.

Usibonyeze mboni ya jicho, hata kwa kijiko. Mbali na jicho lenyewe, kubonyeza mboni kunaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla, mtu akahisi kizunguzungu. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, presha ya macho au wa kuachana na miwani wasiguse eneo hilo hadi daktari wao aruhusu. Aliyechomwa sindano za kujaza uso amuulize aliyemchoma. Anayetokwa na vipele vya mwasho akishika baridi aache kabisa.

Chokea ni kinyume: inataka kitambaa cha uvuguvugu dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Ukiipitishia rola unabeba vijidudu hadi jicho la pili. Macho mekundu ndiyo zaidi. Wakati wa ule mlipuko wa mwanzoni mwa 2024, Dar es Salaam na Mombasa, taulo na vipodozi vya kushirikiana vilikuwa njia rahisi ya kuambukizana. Rola ni ya mtu mmoja. Ioshe kwa sabuni na maji kila ukimaliza, ifute kwa spiriti ya asilimia 70, iache ikauke ndipo irudi friji, ndani ya mfuko wake, si kando ya nyama.

Na hizi si za rola, ni za hospitali: jicho moja limevimba, lina joto, linauma, kuna homa au jicho haligeuki vizuri, nenda siku hiyo hiyo. Macho yote mawili yanavimba kila asubuhi pamoja na miguu, au mkojo una povu jingi lisiloisha, kapime mkojo kuangalia protini. Kipimo cha kijiti ni cha haraka. Kwa mtoto usisubiri hata wiki, kwa sababu figo za watoto mara nyingi hujitangaza kwenye kope. Uvimbe na mwasho vilivyoanza siku moja au mbili baada ya kubandika kope, shuku gundi kwanza.

MamaUbani:
Hamjataja chakula cha usiku. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa yote pamoja na ile ya kwenye kiungo cha mchuzi cha mraba. Ng'onda usiku, au chipsi zilizonyunyizwa mara mbili, na asubuhi macho yanasema. Hamishia mchana. Kichwa kiinuliwe pia: mito miwili, au bora zaidi tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, maana mito mirefu inavunja shingo. Na wanja utoke kabla ya kulala, kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu iliyoshikiliwa juu ya jicho nusu dakika ndipo ufute mara moja kushuka. Kusugua wanja usiku na kusugua rola asubuhi, ngozi itavumilia vingapi?

Kidani:
Shukrani mama. Swali la mwisho kwa ChumaNaJiwe: rola yangu inalia "kwii kwii" na kichwa kidogo kinagoma kuzunguka.

ChumaNaJiwe:
Ni kile kipini cha chuma kinachopita katikati ya jiwe. Maji ya kuoshea yameingia, kutu imeanza. Vuta mikono ya fremu taratibu itanuke milimita chache, toa jiwe, safisha kipini kwa pamba yenye spiriti, kaushe, tia tone moja la mafuta ya nazi kila upande, rudisha, kisha futa yote yaliyotoka nje, maana mafuta hayo na gundi ya kope zako hayapatani. Kama gundi inayoshika kipini kwenye jiwe imeachia, au jiwe lina mpasuko unaokwaruza ukucha ukiupitisha, usilitengeneze. Kuanzia sasa ioshe ukiwa umeikamata kichwa kikitazama chini, usiiloweke kwenye bakuli, na ikaushe kwa kitambaa pale kwenye kiungo kabla ya kuirudisha friji.