Tupeane uzoefu: matundu ya boliti za hedi, nani keshapasua bloku?

Fundi wa Saateni
Assalamu alaykum mafundi. Naanza na aibu yangu ili na nyie msione haya.

Ilikuwa masika. Hiace ya njia ya 502, injini 3L. Gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, imeungua, rediota inatokota kama chai ya msibani. Tukainua hedi, yaani kichwa cha injini, ikaenda kusawazishwa, ikarudi. Bloku, yaani mwili wa injini, tumeisugua kwa petroli na brashi mpaka uso unang'ara, mwenye gari akapiga picha. Yale matundu 18 ya boliti nimeyapitishia kitambaa juu juu tu. Ndani mwake mmetuama maji na oili tangu siku tuliyoinua hedi, na mie sikuinama kutazama.

Tukafunga. Hatua ya kwanza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, sawa. Ikaja ile ya kuongeza robo duara, digrii 90. Boliti moja ya nyuma ikawa nzito kuliko wenzake. Mie kwa akili yangu nikasema hii ndiyo imeshika barabara, nikatia bomba kwenye mpini. Ikalia ko! Si sauti kubwa, kama mtu kavunja muhogo mbichi. Tukadhani boliti imekatika. Tukaitoa, nzima. Ufa uko ubavuni mwa bloku, urefu wa kidole cha shahada, na oili inatoka taratibu kama jasho.

Tundu lile lina kikomo chini, na maji hayabanwi. Boliti iliposhuka ikageuka pistoni, maji yakakosa pa kwenda, yakapasua chuma. Bloku ya mtumba nimelipa mimi. Bei siitaji, mke wangu anasoma humu.

Haya, nani mwengine?

Yakhe wa Konde
Wa alaykum salaam. Pole yakhe. Langu mie ni kinyume, nimesafisha nikapitiliza.

Nilinunua tapu mpya, ile ya kukatia thredi, yaani meno ya tundu, nikaipitisha tundu moja moja. Ilikuwa tamu! Kila nikizungusha linatoka vumbi linang'aa, nikafurahi uchafu unatoka. Sasa uchafu gani unang'aa? Ni bloku yenyewe ile. Tapu ile imeumbwa kukata, haijui hapa pana kutu na hapa pana jino zima, inakwenda na vyote. Siku ya kufunga, boliti tatu zinatikisika tunduni kama jino la mtoto wa miaka sita, na moja ikapanda na meno yake kwenye hatua ya mwisho. Nikavuka Dar kutafuta helikoili, zile koili za waya za kurudishia meno ya tundu, siku nne chombo kimelala juu ya matofali.

Tangu hapo tapu naiweka kwa tundu lililokwisha haribika. Kusafishia, nachukua boliti kuukuu ya hedi ya injini ile ile, maana thredi lazima iwe moja, si ya kukaribiana. Naifunga kwenye jiriwa, nachana mifereji mitatu kwa urefu wa meno kwa diski nyembamba ya grenda, halafu kingo nazipiga tupa mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi. Hapo pa tupa msiparuke. Ukiziwacha kingo kali umejitengenezea tapu nyengine.

Natia tone la WD-40, naizungusha kwa vidole. Ikigoma, narudi nusu duara, naitoa, nafuta mifereji, naingia tena. Zile za mwanzo zinatoka na tope jeusi kama masizi ya chungu. Ukifika wakati inashuka mpaka chini kwa vidole viwili bila spana, tundu hilo limekwisha.

Dereva wa 116
Sie wenye magari tutajuaje kama fundi kasafisha au kapangusa tu? Nauliza kwa heshima, nimefungua hedi mara mbili mwaka mmoja.

Yakhe wa Konde
Nenda kabla gasketi haijawekwa. Mwambie akupe boliti moja, uiteremshe mwenyewe kwa mkono kwenye tundu utakalochagua wewe. Ikishuka laini mpaka kikomo, mnunulie soda. Ikikwama katikati, kaa kwenye benchi usubiri. Akikasirika, na hilo ni jibu.

Mzee wa Kijangwani
Vijana mnajitia kazi. Mie nimefunga injini kabla baadhi yenu hamjazaliwa, hatukuwa na toki renchi wala kompresa, tunakaza kwa mkono na tunasikiliza. Magari yakenda Makunduchi na kurudi.

Binti wa Vitongoji
Shikamoo mzee wangu. Yakenda, sikatai, na wewe mkono wako unajua. Lakini boliti zile hazikuwa hizi. Zenu zilikazwa mara moja kwa nguvu ya mkono. Hizi za leo nyingi zinavutwa kwa digrii mpaka zirefuke kidogo, zikae kama mpira uliovutwa, ndiyo maana vitabu vya injini hizo vinasema pima urefu au nunua mpya. Boliti ya namna hiyo ukiikaza kwenye tundu chafu hujui umevuta boliti au umesukuma uchafu.

Jambo nililofundishwa chuo cha amali na sijalisahau: ukikaza boliti, kiasi cha sehemu tisa katika kumi za nguvu yako zinaliwa na msuguano, kwenye thredi na chini ya kichwa. Sehemu moja tu ndiyo inayobana hedi. Sasa tia kutu hapo. Toki renchi italia “tak” kwa wakati wake, mkono umeridhika, na hedi haijabanwa. Dereva wa 116, huenda hedi yako ya mara ya pili ilikufa hivi.

Kwa hiyo tone la oili kwenye meno ya boliti na chini ya kichwa, kama kitabu cha injini kinataka hivyo. Kwenye boliti, si tunduni! Nimemwona mtu anamimina oili tunduni kwa kopo.

Na upepo wa kompresa nao una lake. Kwa unyevu wetu huu tangi linajaa maji, fungua koki ya chini yamwagike kwanza, la sivyo unapuliza maji kwenye tundu ulilolikausha. Matundu ya silinda na njia za oili ziba kwa vitambaa safi. Zungushia kitambaa mdomo wa bomba la upepo na vaa miwani. Mie niliwahi kupuliza bila miwani, tope la tundu likaja lote usoni, nikakaa na jicho jekundu wiki nzima, watu wananiuliza nani kakuliza. Kama kompresa huna, bomba la sindano la duka la dawa na mrija mwembamba linafyonza oili vizuri tu.

Ukimaliza usiiwache bloku wazi usiku kucha. Ipake oili nyepesi, ifunike. Chuma kibichi pwani hakingoji asubuhi kushika kutu.

Mzee wa Kijangwani
Marahaba mwanangu. Hilo la sindano nimelichukua.

Nahodha wa Nungwi
Nyie mnalia na kutu ya chuma, njooni kwetu baharini. Mashine ya boti, Yamaha 40, mwili wa aluminiamu, boliti ya chuma, maji ya chumvi. Vitatu hivyo vikikaa pamoja aluminiamu inaliwa, inakuwa unga mweupe, na boliti inang'ang'ania kama pweza pangoni. Nilivunja kichwa cha boliti mbili kabla sijajifunza kupasha moto pembeni yake taratibu na kuilowesha tangu jana yake. Kwenye aluminiamu hata kile kidude cha Yakhe ukitumie kwa huruma, meno ya tundu lake laini. Wakati wa kurudisha tunapaka grisi ya baharini.

Binti wa Vitongoji
Nimesahau moja. Kuna injini ambazo baadhi ya matundu yake yametoboka mpaka kwenye njia ya maji. Hayo ukipuliza, upepo unatokea kwengine. Boliti zake zinatiwa gundi ya kuzibia kwenye thredi, si oili, la sivyo maji yatapanda kwenye meno mpaka juu.

Fundi wa Saateni
Allah awalipe. Hilo la kuonja kwa vidole viwili naliandika ukutani. Jumamosi nafungua 1HZ ya Land Cruiser. Yakhe, huna boliti kuukuu ya 1HZ nichane mifereji?

Yakhe wa Konde
Ninayo, tena ishachanwa. Nitampa mtu anayepanda boti Mkoani kesho kutwa, kamngoje bandarini. Lakini yakhe, irudi. Ya mwanzo niliazima mtu Chake mpaka leo naisikia tu.