Tupeane uzoefu: mashine za kufyekea kwenye mikorosho, nini kinaziua mapema?

Mkoroshoni
Wakuu, mvua zinakatika, palizi ndiyo hii, na kwa mafundi kuanzia Tandahimba hadi Masasi mashine za begani zimepangwa ukutani zinasubiri matibabu. Nazungumzia hizi za tu-stroki, cc 43 na cc 52. Wenye ujuzi mwageni vitu: mafuta, matunzo, usalama.

Fundi wa Plagi
Tuanze na mafuta, maana ndiyo muuaji namba moja. Injini ya tu-stroki haina oili chini kama bodaboda. Kinacholainisha pistoni, ringi na beringi za krenki ni oili iliyochanganywa kwenye petroli. Weka petroli tupu, haichukui muda pistoni inakwaruzana na silinda, kisha inakwama. Ukitaka kujua kama imeungua, fungua eksozi uchungulie kwenye tundu la moshi huku ukivuta kamba polepole. Pistoni nzima ubavu wake ni laini. Iliyoungua ina michirizi ya wima unayoweza kuikwangua kwa ukucha. Hapo tena ni pistoni na silinda mpya.

Kipimo: nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la ml 20, sindano yenyewe tupa kwa usalama. 50:1 (sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili) ni bomba moja kwa lita moja ya petroli. 25:1 ni mabomba mawili. Kwa dumu la lita 5 ni ml 100 au ml 200. Tia oili na nusu ya petroli, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Usichanganyie ndani ya tenki la mashine. Oili iwe ya 2T, yaani ya injini za tu-stroki, ile ya injini ya bodaboda haifai kabisa.

Lindi Kwetu
25:1 ni mambo ya kizamani. Masizi yanajaa, plagi inalowa, ule wavu mdogo wa eksozi unaziba, mashine inakohoa haipandi resi. Wekeni 50:1 mpumzike.

Fundi wa Plagi
Kaka, mashine ya Stihl inataka 50:1 kwa oili yake nzuri, sibishi. Lakini hizi za Kichina nyingi kitabu chake kimeandika 25:1, na oili tunayouziwa dukani unaijua mwenyewe. Masizi yanafutika kwa brashi ya waya. Silinda iliyochanika haifutiki.

Lindi Kwetu
Basi sema "fuata kitabu", usiseme 25:1 kwa kila mtu.

Fundi wa Plagi
Nimesema bomba moja AU mawili. Soma.

Mama Mihogo
Na petroli iliyochanganywa ikikaa zaidi ya mwezi, msiipeleke kwenye mashine. Changanyeni ya kazi ya wiki tu.

Nyanda za Juu Newala
Mmesahau vumbi. Huku kwetu mchanga unapanda kama moshi. Kichujio cha hewa cha sponji kitoe kila jioni ya kazi, kioshe kwa maji ya sabuni, kamua bila kukisokota, kikauke, kisha matone machache ya oili na ukibinye kisambae. Kisioshwe kwa petroli, kitaoza. Anayefyeka bila kichujio "ili ipate nguvu" anasagia mchanga kwenye silinda.

Plagi: mwanya wa mm 0.6 hadi 0.7. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye mafuta, punguza oili au safisha kichujio. Nyeupe kavu, kuna hewa inaingia mahali, simamisha kazi.

Giya boksi la mbele lina boliti pembeni. Kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi fungua, bonyeza grisi kidogo, funga. Usijaze pomoni, grisi itapasha moto na kutoka kwenye sili.

Kijana wa Nachingwea
Asanteni. Kuna mtu anauza kichwa cha minyororo, kinafungwa badala ya uzi au diski, anasema kinakula hadi vichaka. Kinafaa?

Mikindani Pwani
Acha! Uingereza mwaka 2010 mfanyakazi mmoja aliuawa na kipande cha mnyororo. Mashine ilikuwa imeshikwa na mwenzake, kichwa cha minyororo kikagonga kitu, kiungo kikakatika kikaruka kama risasi. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukazuia kuuzwa kwa vichwa vya aina hiyo kwa mashine za mkononi. Piga hesabu: diski ya sm 25 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 100 hivi kwa sekunde. Kiungo cha chuma kwa mwendo huo hakizuiwi na kava la plastiki.

Kijana wa Nachingwea
Duh.

Mzee wa Salfa
Hayo ya Ulaya. Huku wanatumia na hawajafa.

Mikindani Pwani
Mnyororo haujui kama uko Ulaya au Nanyumbu, mzee wangu. Tena huku pwani tuna mawe ya matumbawe chini ya nyasi. Hata kwa uzi wa nailoni, watu na watoto wakae mita 15, na ukimwona mtu anasogea achia resi kwanza, maneno baadaye.

Lindi Kwetu
Hapo namuunga mkono. Na waya wa uzio usifungwe badala ya uzi. Uzi ni wa mm 2.4 au 3, basi.

Dada Mnazi Mmoja
Niongeze kuhusu kurushwa. Diski inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Fikiria uso wa saa: robo ya mbele kulia, kati ya namba 12 na namba 3, ikigusa kisiki mashine inakurushia upande wa kulia kwa nguvu. Kata kwa upande wa kushoto wa diski, ukipeleka kutoka kulia kwenda kushoto. Mkanda uvaliwe, mashine ining'inie usawa wa nyonga. Buti, suruali nzito, vizuia kelele, miwani ya kazi. Ile miwani ya jua ya gulioni ni ya harusini 😂

Nati ya diski inafunguka kwa kuzungusha upande wa kulia. Watu wanaikaza hadi inakatika wakidhani wanafungua. Chomeka pini kwenye tundu la giya boksi kwanza, plagi ikiwa imevuliwa waya.

Mzee wa Salfa
Ikigoma kuwaka, toa plagi uichome kwenye mkaa, inawaka mara moja.

Fundi wa Plagi
Mkaa na petroli jirani? Hapana mzee. Imelowa: fungua choki, toa plagi, vuta kamba mara kadhaa kuikausha silinda, pangusa plagi, rudisha.

Mama Mihogo
Ee, na chini ya mikorosho kuna majani makavu. Eksozi ya moto isilazwe juu yake. Kujaza mafuta, zima, subiri ipoe, jaza kwenye udongo mtupu, sogea mita 3 ndipo uwashe.

Kwa miche michanga, kaa mbali na uzi. Ukigusa gome kuzunguka shina, mche unakauka polepole na utalaumu ugonjwa. Sehemu ya karibu na shina, mita moja hivi, palilia kwa jembe.

Kijana wa Nachingwea
Ukiachia resi, kichwa kinaendelea kuzunguka. Kawaida?

Nyanda za Juu Newala
Si kawaida. Punguza skrubu ya resi ya kutulia kwenye kabureta hadi kichwa kisimame. Kikiendelea, springi ya klachi imekwisha.

Fundi wa Plagi
Mwisho wa msimu mwaga tenki, iwashe izime yenyewe, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, vuta kamba polepole, rudisha plagi. Na madumu yaandikwe: ya mchanganyiko na ya petroli tupu yanafanana sana.