Silika 99% lakini maabara wanasema jiwe halifai kwa propanti (punje zinazosukumwa ndani ya kisima cha mafuta au gesi kushikilia nyufa za mwamba zisifunge), tatizo nini?

Mwanajiolojia_Mgeni: Wakuu habari zenu, mimi niko masomoni huku Wisconsin, tuna sampuli za uchorongaji toka tabaka la Jordan tunaangalia kama jiwe la mchanga lile linafaa kwa mchanga wa fraki, yaani hiyo propanti. Silika 99%, tindikali imeyeyusha kidogo sana, ila kwenye kuponda, saizi ya 20/40 (punje zinazopita chekeche la meshi 20 na kubaki kwenye la 40) kwa presha ya psi 6,000 imetoa unga 14% wakati mwisho ni 10%. Sasa hapo kinachopungua ni nini?

Mzee wa Miamba: Mkuu silika ni tiketi ya kuingia tu. Tabaka za Jordan, Wonewoc na St. Peter zinasifika kwa sababu punje zake ni kwatzi (madini ya silika) tupu iliyosuguliwa weee mpaka ikawa duara, na saruji, yaani madini yanayogandisha punje, ni kidogo kiasi kwamba jiwe unalifikicha kwa mkono. Weka punje kwenye darubini. Saruji ikiwa nayo ni kwatzi, kipimo cha silika kinapendeza vilevile, lakini punje zimeshikana, ukipitisha kwenye krasha zinakatika na kubaki na kona, na kona ndizo zinavunjika kwanza kwenye presha. Hesabu mabonge (punje zilizobaki zimeshikana), yakifika 1% hiyo saizi haifai. Umbo nalo soma kwenye chati ya Krumbein na Sloss, 0.6 kwenda juu, kwa uduara wa punje na kwa ulaini wa kona zake, kote kuwili.

Mwanajiolojia_Mgeni: Mabonge ni kama 3% mkuu, na karibu yote yametoka tabaka la juu, huko chini jiwe linamomonyoka lenyewe

binti_kokoto: Sasa mbona mmechanganya?? Pima tabaka kwa tabaka, ukichanganya unapata wastani ambao haupo popote kwenye machimbo. Halafu msiishie 20/40, chekecheni na 40/70 muiponde peke yake, punje ndogo huwa zinavumilia zaidi, inaweza kufaulu psi 7,000 wakati kubwa imefeli 6,000. Na mchanga ulioshwa utikiseni kwenye maji safi mpime ukungu wake, ukizidi FTU 250 (kipimo cha ukungu wa maji) bado kuna udongo.

Juma wa Midland: Niko Texas huku naendesha lori la mchanga, niwaambie ukweli, toka 2017 wamefungua machimbo kwenye vilima vya mchanga kule Kermit kaunti ya Winkler, mchanga wenyewe ukiuponda ni dhaifu kuliko huo mweupe wenu na bado ndio unauzwa, maana kuuleta wa Wisconsin kwa treni nauli inaweza kupita bei ya mchanga wenyewe. Na visima vya sasa vinakula mchanga mdogo, 100 meshi na 40/70, hiyo 20/40 mnayoililia wateja wamepungua sana.

Mzee wa Miamba: Juma kanena. Kijana, hilo tabaka la chini likifaulu, swali linalofuata ni udongo wa juu yake una unene gani na reli iko umbali gani, hapo ndipo machimbo mengi yanapofia.

Mwanajiolojia_Mgeni: Reli ipo jirani. Udongo wa juu ndio mnene, na hilo tabaka la juu lenye mabonge nalo itabidi liondolewe kwanza. Naanza na 40/70 ya chini, majibu yakitoka nayaleta hapa.